Punje za Maharage na Tumbo la Shija

Nasikia siku hizi vijana wa maabara mnaitia damu kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai, na mkirudi mashine imeshawaandikia majibu. Hongereni. Mimi mashine yangu ilikuwa jicho hili la kulia, na mpaka leo halijaharibika, ingawa mke wangu anasema haliwezi kuona jembe lililolala mlangoni.

Niwaambie mapema ili msije mkanitafutia vyeti: niliishia darasa la nne, Mlandege, Iringa. Vyote vilivyozidi hapo nilivichuma kwa mikono yangu. Nilianza hospitalini nikiosha chupa za mkojo, nikaishia kuwa mtu ambaye daktari mpasuaji akishamshona mtoto mchanga, asubuhi yake anakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu kuuliza, "Fundi, damu inasemaje?" Leo nina mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, na wateja wakiniona nimejaa pumba mpaka kwenye kope wanadhani nilizaliwa kwenye mpunga. Hawajui walisimama mbele ya nani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mzima akipasuliwa tumbo na mambo yakaharibika huko ndani, atapiga kelele. Atasema inachoma hapa, inavuta pale, atatukana wauguzi, utajua. Mtoto mchanga hana maneno. Analia akiwa na njaa, analia akiwa amelowa, analia kwa kuwa wa kitanda cha jirani kalia. Ukingoja tumbo lake livimbe ndipo ushtuke, umechelewa. Lakini damu yake inajua mapema. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili: kukiwa na vita zinaongezeka, zinabadilika sura, na anayejua kuzisoma anaweza kumwambia daktari leo kitakachomfika mtoto kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka ya sabini, Iringa kwanza na Mbeya baadaye. Na niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye. Sijisifu, naeleza.

Aliyenifundisha ni Bwana Sanga, Mkinga mmoja mrefu, bahili wa maneno, aliyekuwa mkuu wa maabara kule Iringa. Huyo ndiye aliyenionyesha kwamba kisigino cha mtoto hakichomwi kikiwa baridi. Unakipasha kwanza kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka kiwe chekundu kama nyanya. Unachoma mara moja, kwa moyo mmoja. Tone la kwanza unalifuta, halina faida. Na usikamue! Ukikamua unatoa maji ya nyama, damu inazimuliwa, unampelekea daktari uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Bwana Sanga akiona mtu anakamua kisigino alikuwa anamshika sikio na kulikamua vilevile, akiuliza, "Nawe unatoa nini hapo?"

Tulikuwa tunavuta damu kwa mdomo, kwa mrija mwembamba wa kioo, halafu tunavuta dawa ya kuichanganyia, ambayo ni siki kali yenye rangi ya zambarau. Ukivuta kwa pupa inakuingia mdomoni. Mimi ilinipata siku niliyokuwa nakwenda kuchumbia. Nilifika kwa wakwe na meno ya zambarau, na baba mkwe alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuuliza kama ugonjwa wetu ni wa ukoo.

Sasa, kuzihesabu chembe ni jambo moja, kuzitenganisha ni jingine. Unapaka damu kwenye kioo, unaipaka rangi, unaweka chini ya darubini, halafu unahesabu hizi za namna hii ngapi na zile za namna ile ngapi. Wenzetu wa hospitali kubwa walikuwa na kidude cha kubonyeza. Sisi tulikuwa na mahindi na maharage. Chembe iliyokomaa, unatupa punje ya hindi kwenye kikombe hiki. Chembe changa, ile iliyotoka kwenye mfupa kabla ya wakati wake, unatupa haragwe kwenye kikombe kile. Jicho halitoki kwenye darubini, mkono unafanya kazi peke yake. Mwisho unamwaga, unahesabu, unaandika. Ni njia safi kabisa, ina udhaifu mmoja tu: inaliwa.

Siku moja nimemaliza kusoma damu ya wagonjwa wa asubuhi, vikombe nimevipanga mezani kila kimoja na jina la mgonjwa wake, nikatoka kwenda kunawa. Nikarudi, vikombe vitupu. Bwana Sanga yuko kwenye jiko la mafuta ya taa, lile la kuchemshia sindano, amebandika sufuria, anakoroga.

"Bwana Sanga, umeona majibu yangu?"

"Majibu gani? Nimekuta kande limetawanyika mezani kama vile hamna adabu, nimelikusanya."

"Bwana Sanga, hayo ndiyo majibu!"

Akatazama sufuria. Akanitazama mimi. Akafunika. "Yameshachemka," akasema. "Rudia kuhesabu."

Nilirudia vyote huku harufu ya kande inanipita puani. Tangu siku hiyo punje zetu tulizichovya kwenye ile rangi ya zambarau, na njaa ya Bwana Sanga ikaheshimu sayansi.

Nilipohamia Mbeya nilipanga chumba mtaa wa Soweto, na sifa zangu zilinitangulia, nyingine nikizibeba mwenyewe. Shida ikawa watu walielewa vibaya. Wakasikia kuna mtu hospitalini anasoma damu na kutabiri. Basi nikawa natafutwa. Mama mmoja alinikatiza njia sokoni, kanyoosha kidole chake, anataka nimtazamie ni jirani gani kamwibia bata. Kijana mmoja alileta kijiti chenye damu iliyokauka, akidai ni ya mchumba wake, niangalie kama anampenda. Nilimwambia damu hiyo ni ya kuku. Akaondoka na huzuni kubwa, lakini kwa kweli ilikuwa ya kuku.

Katika hali hiyo ndipo aliponijia Mzee Masanja.

Walitoka upande wa Rujewa, kwenye mbuga za Usangu. Wasukuma, walihamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na baba wa mtoto alibaki huko huko na mifugo. Walioleta mtoto ni mama yake na babu yake. Mtoto aliitwa Shija, jina wanalompa anayezaliwa baada ya mapacha. Na wale mapacha wote wawili walikuwa wamekufa. Huyu ndiye aliyebaki. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa mwenyewe. Utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unavyojikunja ukilivua kwa haraka, na kipande kikaoza. Daktari Mwambene alikikata, akaunganisha pande mbili kwa uzi. Hofu ya kila mtu baada ya hapo ni ule mshono: ukishika, mtoto kapona, ukiachia, uchafu unamwagika tumboni, na mtoto mdogo hana siku nyingi za kuvumilia hilo. Kwa hiyo amri ikatoka: Fundi amchukue Shija damu kila asubuhi.

Mzee Masanja alikuwa mfupi, mpana, na shuka jeusi begani, na kule kwao alikuwa mfumu. Mfumu ni mtazamiaji: anachukua kifaranga, mwenye shida anakitemea mate ili shida yake iingie humo, halafu kinapasuliwa na mzee anasoma yaliyo ndani. Alikuja Mbeya na vifaranga vyake kwenye kikapu chenye mfuniko, akakisukuma chini ya kitanda cha mjukuu. Tusingejua. Lakini Daktari Mwambene alipopita na kundi lake, akaweka mipira yake ya kusikilizia kifuani kwa Shija, tukasikia wazi: chiu, chiu, chiu.

Daktari akasimama wima. "Kifua hiki kinalia."

Sista Tumpe, mkuu wa wodi, mwanamke wa Tukuyu ambaye hata daktari alikuwa anamwamkia kwanza, aliinama, akavuta kikapu. "Kifua chako hiki hapa, Daktari. Kina manyoya."

Kikapu kikahamishiwa nje, nyuma ya jiko la hospitali, na mwenyewe karibu akifuate. Nilipofika na sindano yangu nilimkuta amenuna. Nikamwamkia, tukaulizana makabila, na hapo uso ukafunguka, maana Msukuma kwa Mhehe ni mtani, na sisi Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa.

"Mla mbwa!" akasema kwa furaha. "Kumbe wamenipa mla mbwa amchome mjukuu wangu!"

"Nyamaza, Mzee. Wewe ungeruhusiwa ungemlaza ng'ombe kwenye kitanda hiki, mtoto akalala chini."

"Ng'ombe ana kazi. Wewe damu hii unaipeleka wapi?"

"Naisoma."

Akanitazama upya, kuanzia viatu. "Unasoma nini?"

Nikamweleza habari ya askari wa mwili. Alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake, yaani akitafuta kasoro. Nikachoma kisigino. Shija akalia mpaka akawa mwekundu, akatupa miguu. Nikavuta damu yangu, nikageuka kuondoka.

"Mtani," akaniita. "Hiyo umeiharibu."

"Nimeharibu nini?"

"Mimi kifaranga kikipiga kelele na kutapatapa sikipasui. Nakingoja kitulie. Kilichotibuka kinasema habari ya kutibuka kwake, hakisemi habari ya mwenyewe. Mtoto umemliza, halafu unakwenda kusoma kilio."

Nilicheka, nikaenda zangu. Chembe nilizikuta juu sana, nikampelekea Daktari. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Alikuwa analia?" Nikasema sana. Akasema kilio peke yake kinapandisha chembe nyeupe kwa mtoto, vitabu vinasema hivyo, kesho nichukue akiwa ametulia. Basi andikeni, vijana: damu ya mtoto aliyetoka kulia isomwe kwa wasiwasi. Mimi nilifundishwa hilo mara mbili asubuhi moja, mara ya kwanza na mtu wa vifaranga.

Kesho yake nikamkuta Shija ametulia kweli. Kimya, macho nusu. Nilipomchoma alikunja uso tu, akauachia. Mama yake akatabasamu, mara ya kwanza tangu waje. Mzee Masanja naye anang'aa.

"Nimetazama alfajiri," akaninong'oneza, akimchungulia Sista Tumpe asije akasikia. "Nyuma ya jiko. Kifaranga safi kabisa, ndani cheupe, hakuna doa. Nenda na wewe katazame, uje useme kama mimi."

Nikaenda. Nikahesabu. Chembe zilikuwa zimeshuka, tena zimeshuka mno. Muuguzi mmoja alichungulia, akaona, akakimbia wodini na habari njema, na mpaka nafika kuipaka rangi damu ya kwenye kioo, wodi nzima ilikuwa inamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikaweka kioo chini ya darubini. Mkono ukaanza kutupa punje. Haragwe. Haragwe. Hindi. Haragwe. Haragwe. Nikasimama, nikafuta kioo cha darubini, nikaanza upya. Haragwe. Kikombe cha mahindi kinabaki chini, cha maharage kinapanda. Na hata zile chache zilizokomaa zilikuwa na madoa meusi ndani, kama zimenyunyiziwa masizi.

Mnaelewa maana yake? Askari hawakupungua kwa kuwa vita imekwisha. Walipungua kwa kuwa wameisha wao. Mwili umebaki kutuma watoto wa shule na marungu. Na ule utulivu wa Shija haukuwa wa mtoto aliyepona, ulikuwa wa mtoto aliyechoka.

Sikutembea, nilikimbia, na vikombe mkononi. Nilimkuta Daktari Mwambene ameshafika kitandani, mkono wake uko juu ya tumbo la mtoto, na hana furaha ya wenzake. "Hili tumbo silipendi," akasema. Nikamwonyesha vikombe. Akatazama kimoja, akatazama kingine, akasema, "Tunafungua tena. Sasa hivi."

Mzee Masanja akasimama mbele ya kitanda. "Hapana."

"Mzee, mshono umeachia," Daktari akasema.

"Umeuona?"

"Sijauona. Damu inaonyesha."

"Na kifaranga kinaonyesha hapana. Huyu mmeshampasua mara moja. Wawili nimezika. Huyu ametulia, analala, leo ndipo mnataka kumkata tena? Baba yake hayupo, wa kuweka kidole kwenye karatasi yenu ya ruhusa ni mimi. Siweki."

Mama Shija akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga. Sista Tumpe akaanza kufoka habari ya manyoya. Daktari akaanza kueleza tena, polepole, kwa maneno ya kitabu. Kila walivyosema ndivyo mzee alivyozidi kuwa mpana pale alipo.

Sasa, mimi nina kipaji. Wengine wanasema ni mdomo, mimi nasema ni kipaji. Nikawaomba wanyamaze, nikamshika mzee mkono kama mtani, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda cha jirani.

"Mfumu," nikamwita hivyo, sikumwita mzee. "Mimi sibishani na kifaranga chako. Umesema safi, basi ni safi. Nauliza kama fundi tu. Nani alikitemea mate?"

"Mama yake."

"Kwa nini si mtoto? Mtoto wa umri huu anadondosha udenda kutwa nzima. Shuka lako lote hilo begani lina udenda wake. Si ungekiweka kifaranga chini ya kidevu chake tu?"

"Nilikiweka." Akasema kwa kukereka, kama fundi aliyeulizwa kama alikumbuka kushika nyundo. "Mimi si mwanafunzi. Nilikiweka chini ya kidevu, nikangoja. Haukutoka. Nikamtia kidole mdomoni nimchokoze meno. Haukutoka. Kinywa kikavu kama…"

Akageuka kumtazama Shija.

Mimi nikaufunga mdomo, na kwangu hiyo si kazi ndogo.

Akainuka, akaenda kwa Shija. Akamtia kidole mdomoni tena, taratibu, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akakipapasa na kidole gumba. Hakuna kitu. Kisha akavitazama vile vikombe viwili mkononi mwa Daktari kwa muda.

"Kile kilichojaa ni kibaya?"

"Ni kibaya," nikasema.

"Kifaranga kilimsema mama yake," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mama yake ni mzima." Halafu akamgeukia Sista Tumpe na kumfokea kama vile ndiye aliyekuwa anachelewesha: "Wewe mama, wino uko wapi?"

Wakamwingiza. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mimi na yeye, na sikuwa na sababu ya kukaa pale, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Hakunitania, nikajua hali ni mbaya. Ili nimchangamshe nikamwambia kama Shija akipona nitamfundisha kula mbwa. Akasema, "Mfundishe." Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Daktari Mwambene alitoka kofia imelowa jasho. Mshono uliachia upande mmoja, tundu la kupita ncha ya penseli, uchafu ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kumwagika. Ameusafisha, ameshona upya. "Tungengoja mpaka kesho…" akasema, akaacha hapo, akaenda kutafuta chai.

Siku zilizofuata nilichukua damu kila asubuhi, mtoto akiwa ametulia, na mzee ameketi kando akinihakikishia kisigino kimepata joto. Mahindi yakaanza kurudi. Maharage yakapungua. Chembe zikapanda, na safari hii kupanda kulikuwa kuzuri, na sista mmoja akaniuliza iweje juzi kushuka kuwe kubaya na leo kupanda kuwe kuzuri. Nikamwambia ndiyo maana nalipwa mimi. Lakini daktari alikuwa bado hajaniamini moja kwa moja, wala mzee, wala mama. Utumbo ulikuwa umelala. Hakuna kilichokuwa kinapita, na utumbo usiopitisha kitu haujapona, hata damu iseme nini.

Siku hiyo nimeinama na sindano yangu, Shija yuko mapajani kwa babu yake, juu ya shuka jeupe jipya alilonunua sokoni ili aingie nalo wodini kwa heshima. Mara mtoto akakunja uso. Akakaza miguu. Ikatoka sauti ndogo, halafu sauti kubwa, halafu kitu chenyewe, cha kijani, kingi, kikapita nguo, kikapita shuka, kikafika kwenye kiatu changu.

Sista Tumpe alipiga kigelegele ambacho kilisikika mpaka wodi ya wanaume. Mama Shija akalia. Daktari alikuja mbio akidhani kuna msiba, akakuta watu wazima wanashikana mikono juu ya kinyesi cha mtoto.

Muuguzi akaleta kitambaa. Mzee Masanja akamsukuma mkono. "Acha kwanza." Akainamisha kichwa, akatazama lile shuka lake jeupe kwa makini, akalitazama upande huu na upande ule, kama mtu aliyezoea kazi hiyo maisha yake yote. Kisha akaniinulia uso, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Weka sindano yako, mla mbwa," akasema. "Leo nasoma mimi."